Kuzoea Mwinuko Kabla ya Kilele cha Kilimanjaro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi na wapandaji niliowaongoza, wengi wao Watanzania na Wakenya wanaopanda kwa mara ya kwanza, hasa wanaokuja mwezi wa Desemba ili waadhimishe Siku ya Uhuru wakiwa kileleni. Majibu yanauhusu Mlima Kilimanjaro, ingawa mengi yanafaa pia kwa Meru na Mlima Kenya. Hayachukui nafasi ya daktari anayeijua afya yako.

Kwa nini watu huugua mlimani ilhali hewa ya huko ni safi?

Usafi wa hewa hauhusiani na jambo hili. Ukiwa Dar es Salaam au ukiwa kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni ileile karibu asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua kadiri unavyopanda ni mgandamizo wa hewa, na kileleni mgandamizo huo ni karibu nusu tu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kulimudi upungufu huo kwa kiasi kikubwa, mradi uupe siku za kujipanga.

Mwili hufanya nini hasa unapozoea mwinuko?

Jambo la kwanza, linaloanza saa chache tu baada ya kufika juu, ni kupumua kwa kasi na kwa kina zaidi, huku moyo nao ukipiga haraka. Kupumua huku kunaleta oksijeni zaidi, lakini pia kunatoa hewa ya kaboni kupita kiasi, na damu inapopungukiwa na kaboni hiyo ubongo hupokea ishara ya kupunguza pumzi. Hapo ndipo figo zinapoingia kazini. Kwa muda wa siku moja hadi kadhaa hutoa chumvi fulani kwa njia ya mkojo ili kuirudisha damu kwenye hali yake, na mapafu yanapata ruhusa ya kuendelea kufanya kazi kwa nguvu. Ndiyo maana mpandaji anayezoea vizuri huenda haja ndogo mara nyingi, hata usiku, na ingawa kutoka kwenye begi la kulalia saa nane za usiku katika baridi ya kambi ya Shira ni adha, mimi hufurahi nikimsikia mgeni akifungua zipu ya hema lake.

Watu wengi hudhani kwamba kuzoea ni kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu. Ni kweli kwamba mwili huanza kutoa amri ya kuzitengeneza mapema, lakini ongezeko lenyewe huchukua wiki kadhaa, na safari yako itakuwa imekwisha. Katika siku saba za Kilimanjaro, kazi kubwa inafanywa na mapafu na figo.

Nichague njia gani, na kwa siku ngapi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu, nami nitalijibu bila kuzunguka: chagua siku kwanza, kisha uchague njia.

Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala kila usiku pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne uongeze siku moja ya kutopanda. Sasa itazame njia ya Marangu. Usiku wa kwanza unalala Mandara, karibu mita 2,700. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, zaidi ya mita 4,700. Na usiku huohuo wa tatu, kabla hujalala vya kutosha, unaamshwa kwenda kileleni. Kila hatua ni mita 1,000. Ratiba ya siku tano kwa njia hii inauomba mwili ufanye jambo ambalo miili mingi haiwezi, na wanaofika kwa ratiba hiyo hufika wakiwa wamechakaa. Ukipanda Marangu, ongeza usiku wa pili Horombo. Siku ile ya katikati utatembea taratibu hadi Zebra Rocks, kwenye miamba yenye michirizi myeusi na myeupe iliyo karibu mita 4,000, kisha utashuka kula chakula cha mchana na kupumzika.

Kwa njia ya Machame ninashauri siku saba badala ya sita, kwa sababu siku ya saba inakupa usiku wa kambi ya Karanga, kati ya kambi ya Barranco na ile ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, nawe unaingia Barafu mchana mapema ukiwa bado na nguvu. Lemosho kwa siku nane ni bora zaidi, kwani inaanzia magharibi na kuuvuka uwanda wa Shira bila haraka. Umbwe ni fupi na ya mwinuko mkali. Simshauri mtu asiyewahi kufika juu kuanza nayo.

Najua sababu inayowafanya watu wapunguze siku. Ada za hifadhi hulipwa kwa kila siku, na siku moja ya ziada ni fedha nyingi kwa mtu anayelipa kwa mshahara wake. Hata hivyo, kama kuna mahali pa kubana matumizi, bana kwenye vifaa: makoti, suruali za baridi na begi la kulalia vinakodishwa Moshi mjini kwa bei nafuu. Usibane kwenye siku.

Historia ya mlima huu inasema hivyohivyo. Hans Meyer, Mjerumani wa kwanza kujulikana kufika kileleni, alipokuja mwaka 1889 alipanga kambi juu ya mlima na kuletewa chakula kutoka Marangu, ili asilazimike kushuka hadi chini kila alipochoka. Yeye na mpandaji mwenzake Ludwig Purtscheller walifika ukingo wa kreta tarehe 3 Oktoba, wakarudi chini kupumzika, kisha wakafika kilele tarehe 6 Oktoba. Nguvu zao hazikuongezeka katika siku hizo tatu, ila miili yao ilikuwa imepata muda.

Waongozaji husema "panda juu, lala chini". Maana yake ni nini?

Maana yake ni kuuonjesha mwili mwinuko mkubwa kwa saa chache mchana, kisha kuushusha ulale mahali penye hewa ya kutosha. Mfano mzuri ni siku ya Lava Tower kwenye njia za Machame na Lemosho. Asubuhi unatoka Shira, kwenye mita zipatazo 3,800, unapanda hadi chini ya mwamba ule mweusi, zaidi ya mita 4,600, halafu unashuka na kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Usiku umelala karibu palepale pa jana, lakini mwili umeshaonja mwinuko wa Barafu.

Pale Lava Tower watu hunyamaza. Kundi lililokuwa likiimba asubuhi linakaa juu ya mawe, mmoja ameshika kichwa, mwingine anaitazama supu yake bila kuinywa. Wageni wengi huamini kwamba safari yao imekwisha. Kwa wengi wao, baada ya saa mbili za kushuka katikati ya miti ile mikubwa ya ajabu iliyo Barranco, kichwa kinaachia na njaa inarudi. Siku hiyo ni ngumu kwa makusudi, na ukiambiwa mapema hutaogopa.

Ninaishi pwani. Je, mtu wa Nairobi au Mbeya ana nafuu kuliko mimi?

Ana nafuu ndogo, kwa sababu Nairobi na Mbeya ziko kwenye mita kama 1,700, nawe unaanza kutoka usawa wa bahari. Nafuu hiyo haimkingi akishavuka mita 3,500, na nimeona watu wa nyanda za juu wakigeuka huku mtu wa Tanga akiendelea. Mtu wa pwani na afike Moshi au Arusha siku moja au mbili kabla ya safari, si kwa sababu Moshi iko juu sana, bali ili aanze akiwa amelala na kula vizuri. Anayeshuka kwenye basi la usiku na kwenda moja kwa moja langoni ameanza akiwa na deni.

Nikifanya mazoezi makali, si nitakuwa salama?

La. Mazoezi yanakusaidia kutembea saa sita na kuamka kesho yake bila maumivu, nayo ni ya lazima. Pandeni vilima vya Pugu, pandeni Uluguru, tembeeni na begi mgongoni. Lakini uimara wa misuli haumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Kijana mwenye nguvu mara nyingi yumo hatarini zaidi, kwa kuwa anaweza kwenda kasi ambayo mapafu na figo zake haziwezi kuifuata.

Je, kupanda Mlima Meru au Mlima Kenya kwanza kunasaidia?

Kunasaidia sana, na kama una muda na fedha hakuna maandalizi yanayozidi hayo. Meru unalala Miriakamba, karibu mita 2,500, kisha Saddle, karibu mita 3,500, na kilele chake kinapita mita 4,500. Ukishuka, pumzika siku moja au mbili, kisha uingie Kilimanjaro kabla mwili haujasahau. Kwa Mlima Kenya, kilele cha Lenana kina mita 4,985, na anayelala Shipton's au Mackinder's, kwenye mita 4,200, anapata mazoea ya kweli. Angalizo ni moja: njia ya Naro Moru huwapandisha watu haraka mno wanapotaka kumaliza ndani ya wikendi, na wengi huugua hapo.

"Pole pole" ni mwendo wa kiasi gani?

Ni mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatisha ili uvute pumzi. Ukishindwa, punguza. Siku ya kwanza msituni mwendo huu utakuudhi, kwa sababu njia ni nzuri na miguu inataka kwenda. Uvumilie, maana ndio utakaoutumia usiku wa kilele.

Nitajuaje kwamba nimeanza kuugua?

Dalili kuu ni kuumwa kichwa, na mara nyingi pamoja nacho huja kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usiolingana na kazi uliyoifanya, au kizunguzungu. Kwa kawaida dalili huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika mwinuko mpya, kwa hiyo mtu anaweza kuingia kambini mchana akicheka na kuamka usiku akiwa hajiwezi. Kichwa kidogo kinachotulia kwa maji, chakula na mapumziko si jambo la kutisha. Kanuni ni kwamba mwenye dalili hapandi kwenda kulala juu zaidi mpaka ziishe, na zikizidi anashuka.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya wageni wa Ulaya hulisahau. Malaria nayo huleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu, na mtu aliyeumwa na mbu wiki mbili kabla anaweza kuanza kuugua akiwa Horombo. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauanzi na homa kali na kutetemeka. Ukiona homa, shuka ukapimwe, na kama ulijisikia vibaya siku chache kabla ya safari, pima kabla ya kufika langoni.

Ni dalili zipi zinazomaanisha kushuka mara moja?

Ziko hali mbili zinazoua, na kila mpandaji azijue, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kujieleza.

Ya kwanza ni mapafu kujaa maji. Mtu anahema hata akiwa ameketi, anashindwa kupanda kilima kidogo ambacho wenzake wanakipanda, anakohoa, na baadaye kikohozi kinaweza kuwa na povu lenye rangi ya waridi. Midomo na kucha hubadilika rangi. Hali hii inaweza kuja bila kichwa kuuma, nayo huwa mbaya zaidi usiku.

Ya pili ni ubongo kuvimba. Mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anagoma kuvaa glavu, anasinzia asipotakiwa kusinzia. Kipimo tunachokitumia ni chepesi: tunachora mstari kwenye vumbi kwa fimbo, mtu anatembea juu yake akiugusanisha kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mwingine. Usiku mmoja pale Barafu nilimchorea mstari kijana aliyekuwa ameniambia tangu Shira kwamba yuko sawa kabisa. Nilimmulikia kwa taa yangu ya kichwani. Alipiga hatua mbili, ya tatu ikaenda pembeni, akacheka na kuomba arudie. Mara ya pili alikaa chini. Tulishuka usiku uleule, na alfajiri, chini kabisa ya tulikoanzia, aliniambia kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma kwa siku tatu na alikuwa akinywa vidonge kwa siri ili asiwaangushe rafiki zake.

Katika hali zote mbili dawa ya kweli ni kushuka, bila kusubiri kukuche, angalau mita 300 hadi 1,000 au mpaka mgonjwa apate nafuu. Oksijeni ya mtungi, machela ya gurudumu moja, na dawa kama deksamethasoni mikononi mwa mtu aliyefunzwa husaidia kumshusha. Hazimpi ruhusa ya kuendelea kupanda. Mgonjwa wa namna hii kamwe asiachwe peke yake wala asitumwe kushuka bila mtu wa kumtazama.

Je, nitumie dawa ya kinga?

Dawa inayotumika zaidi ni asetazolamidi, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Diamox. Inazisaidia figo kufanya haraka ile kazi niliyoieleza hapo juu, kwa hiyo haifichi ugonjwa, bali inaharakisha kuzoea. Kipimo cha kinga kinachopendekezwa kwa kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa zaidi, vidole vitafanya ganzi, na soda itakuwa na ladha mbaya. Ni ya jamii ya salfa, kwa hiyo kama uliwahi kudhurika na Septrin au Fansidar, mwambie daktari kabla ya kuigusa. Jaribu kidonge nyumbani kwanza, si mlimani.

Maoni yangu ni kwamba aliyepanga siku nane na hana historia ya kuugua anaweza kupanda bila dawa, na aliyelazimika kwenda kwa siku chache ana sababu ya kuzungumza na daktari. Kitunguu saumu na tangawizi ni vyema kwenye chai. Kama kinga ya mwinuko usivitegemee. Paracetamol kwa kichwa inaruhusiwa, ila mwambie mwongozaji kwamba umeinywa.

Kipima oksijeni cha kidoleni kina maana gani?

Waongozaji wengi hupima asubuhi na jioni. Namba ya asilimia 85 ambayo ingeshtua hospitali ya Muhimbili ni ya kawaida kwa mtu mzima wa afya akiwa mita 4,000 na zaidi. Vidole vyenye baridi au rangi ya kucha hupotosha kipimo. Namba inayoporomoka chini kabisa ya zile za wenzako ni onyo, lakini mtu mwenye namba nzuri na hatua za kuyumba ni mgonjwa.

Nile na kunywa nini?

Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, pamoja na chai na supu, mpaka mkojo uwe na rangi ya njano hafifu. Kujilazimisha kunywa maji mengi kupita hapo hakuongezi kinga, na kunaweza kuipunguza chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari. Hamu ya kula itapungua, kwa hiyo pendelea vyakula vya wanga vinavyoteremka kirahisi: uji, wali, viazi, na mtori, ambao wapishi wetu wa Uchagani huupika vizuri hata kambini. Nyama ya kukaanga usiku wa kilele ni kosa. Pombe, ikiwemo mbege ya kuagana, na vidonge vya usingizi viache hadi utakaposhuka, kwa sababu huzuia pumzi wakati wa kulala.

Usiku mwenzangu hemani anaacha kupumua, kisha anavuta pumzi kwa nguvu. Nifanye nini?

Mara nyingi si hatari. Juu ya mita 3,000 hivi, pumzi ya usingizini hupanda na kushuka kwa mawimbi, ikiwa na vituo vya sekunde kadhaa. Mwamshe tu ikiwa anahema akiwa macho au hajibu vizuri.

Nani aonane na daktari kabla hata ya kulipia safari?

Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mjamzito, na mtu aliyewahi kuugua vibaya kwenye mwinuko. Nasisitiza pia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kwa kuwa iko kwenye familia nyingi za Afrika Mashariki. Mwenye ugonjwa huo hapaswi kupanda. Oksijeni ndogo inaweza kumwanzishia maumivu makali. Aliyerithi vinasaba upande mmoja tu kwa kawaida ana afya njema na huenda hajijui, lakini mwinuko unaweza kumdhuru bandama. Kama ndugu yako anaumwa selimundu, pima damu kwanza. Ukiwa juu, maumivu makali ya ubavu wa kushoto ni sababu ya kushuka.

Wagumu wanabeba mizigo na hawaugui. Wao wana siri gani?

Wanaugua. Wapagazi, ambao sisi huwaita wagumu, wengi wamezaliwa vijijini kwenye miteremko ya mlima na hupanda mara kwa mara, hivyo miili yao husahau kidogo kati ya safari na safari. Hata hivyo kijana mgeni kazini, aliyekaa nyumbani miezi mitatu, yuko katika hatari kama yako, tena amebeba mzigo na huogopa kusema asije akakosa kazi. Ukimwona amekaa peke yake nyuma ya mwamba, mwite mwongozaji.

Nilipanda mwezi uliopita. Mwili wangu bado umezoea?

Kwa sehemu kubwa umesahau. Mazoea huanza kupungua ndani ya siku chache baada ya kushuka, na baada ya wiki mbili au tatu za kukaa chini hesabu kwamba unaanza upya. Kinachobaki ni kujijua: kama kichwa kilikuuma Horombo safari iliyopita, huenda kikauma tena palepale, kwa hiyo mwambie mwongozaji wako mpya siku ya kwanza, langoni, kabla hamjaanza kutembea.